Damu ya Wajukuu wa Moraa

Mwanangu, ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani, ya mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa kijana wa maabara katika hospitali ndogo karibu na Marani. Aliingia nyanya mmoja, Moraa, amemshika mkono mkaza mwana wake Kemunto kama aliyekamata mwizi wa ndizi. Kemunto alikuwa na mtoto wa miaka miwili mgongoni.

Nilimtoboa mtoto kidole, nikapima damu, nikatazama chati ukutani. Damu ilikuwa pungufu.

"Si nilisema!" nyanya akaruka. "Huyu anakula peke yake, mjukuu wangu anakauka. Atarudi kwao!"

Kemunto alilia kimyakimya. Nilimhurumia sana, maana mtoto mwenyewe alikuwa mchangamfu, ananivuta masharubu.

Daktari wetu alikuna kichwa. Chati ile ilitoka ng'ambo, ikatokana na vipimo vya wanaume wazima. Mtoto wa huku mwenye afya ana damu kiasi gani? Hakuna aliyejua, kwa sababu kwetu walikuja wagonjwa tu.

"Magokoro," nikamwambia, yaani nyanya kwa heshima ya kwetu, "kabla hujamfukuza, niletee watoto wasioumwa."

"Nitaleta wa Nyaboke." Huyo alikuwa mke wa mwanawe mkubwa, kipenzi chake. "Hao wanalishwa. Utaona damu!"

Kesho yake wakaja na mama yao, wamenona, wanasukumana mlangoni. Yule mdogo, rika la mtoto wa Kemunto, damu yake ilikuwa sawa kabisa na ya mwenzake. Nikapima tena, isije ikawa nimekosea. Sawa! Nyanya akakaa kwenye benchi.

"Wewe kijana, kwani hata Nyaboke anawanyima watoto chakula?"

Nilijizuia kucheka. "Hapana, Magokoro. Chati ndiyo inawadai watoto damu ya wanaume."

Kemunto akabaki, lakini midomo ya watu haikunyamaza, na daktari alisema watoto wachache hawatoshi. Basi hasira yote ya Moraa ikageuka kazi. Alipita nyumba kwa nyumba, na kanisani baada ya ibada, akiwabembeleza akina mama walioogopa sindano, na wengine akiwakemea. Wakaja wachanga, wakaja wa shule. Tukawapanga kwa umri, wavulana kando, wasichana kando. Tukaona mtoto huzaliwa na damu nyingi, ikapungua, kisha ikapanda akikua. Na wavulana wakibalehe huwapita wasichana. Siku daktari alipobandika chati yetu ukutani, tulipiga makofi mpaka wagonjwa wakaamka.

Siku hiyohiyo Moraa alimbeba mjukuu mgongoni mwake mwenyewe, akapita katikati ya soko la Marani akipaza sauti: "Kemunto analisha! Mimi ndiye niliyemsingizia!" Kemunto alimfuata, kichwa juu. Nililia kwa furaha, na sioni haya kusema.

Kwa hiyo, mwanangu, ukisikia mtu amepungukiwa, uliza kwanza amelinganishwa na nani. Mtoto mpime na wa umri wake, msichana na msichana mwenzake, na kabla ya hapo usimhukumu mama yeyote. Mungu akupe mkono usiotetemeka katika kazi hii ya maabara unayoianza, na siku moja akujalie kubeba wajukuu wako mgongoni, wawe wazito.