Ungo wa Bibi Kando ya Barabara ya Malori

Wewe unanijua, mimi si mtu wa kulalamikia chakula. Lakini wiki iliyopita, tukitokea Kahama kwenda Ngara, tulisimama kula kwenye hoteli moja baada ya kuipita Lusahunga, na katikati ya wali maharage nikatafuna jiwe. Kijana aliyekuwa akiniendesha akataka kumwita mhudumu amgombeze. Nikamshika mkono. Machozi yalinilenga, na kijana wa watu akadhani jino limevunjika.

Si jino. Pale tulipokaa ni karibu kabisa na palipokuwa na nyumba ya bibi yangu, mama yake baba, aliyenilea. Ilikuwa nyumba ya udongo, kando ya barabara kiasi kwamba lori likipita vikombe vilicheza mezani. Miaka ile msitu wa upande wetu ulikuwa na sifa mbaya. Madereva waliokuwa wakipeleka mizigo Rwanda na Burundi waliogopa kusimama porini kwa sababu ya majambazi, basi walijikaza kisabuni na usingizi wao mpaka waone paa la kwanza. Paa lile lilikuwa letu.

Walifika mchana, jua likiwa kali, macho mekundu kama ya mtu aliyepuliza moto wa kuni mbichi. Ungesikia breki zikipiga chafya, halafu kimya, halafu injini ikilialia taratibu ikipoa. Mimi nilitoka na kata ya maji wanawe uso. Harufu ninayoikumbuka ni ya dizeli iliyochanganyika na mchaichai, kwa sababu chai ya bibi haikukosa mchaichai. Kulikuwa na ndizi za kupika, mihogo, maharage, na msimu wa senene ukifika, senene wa kukaanga. Jirani yetu, mzee wa Kisukuma aliyehamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wake, alileta maziwa mgando kwenye kibuyu. Rubisi ilikuwepo pia, lakini dereva hakuonjeshwa. Bibi alisema pombe ya dereva iko Kigali, akafuate huko.

Sasa nikueleze desturi ya pale, maana hujaiona kwingine. Dereva akishanawa na kuketi, bibi alimwekea mapajani ungo wa maharage makavu na kumwambia achambue, atoe mawe. Si mtoto wa jikoni, si utingo wake, dereva mwenyewe. Wageni walikasirika. Mwanaume mzima na kitambi chake, achambue maharage! Bibi hakujibizana nao. Alikuwa na neno lake moja, na kwa kuwa ulimi wake wa Kihangaza uliigeuza kila L kuwa R, lilitoka hivi:

"Jiwe kwenye ungo usiporiona, ng'ombe barabarani utamuona?"

Jirani alidakia akicheka, maana ulimi wake yeye ulienda njia ya kinyume: "Na ng'ombe wenyewe ni wangu, deleva. Chambua, baba, chambua."

Basi wanachambua. Wakimaliza, bibi anapitisha kidole. Akikuta mawe yamebaki, hasemi mengi. Ananyoosha mkono apewe funguo za lori, anazifunga kwenye pindo la kitenge chake, na mimi natandika mkeka wa mafunjo chini ya mparachichi. "Rara kwanza, mwana wanje," yaani mwanangu. Dereva analala kama gogo, inzi wakimtembelea, na hakuna wa kumwamsha mpaka aamke mwenyewe. Ungo ukiwa safi, anakula, anaaga, anaondoka. Wengi walirudi safari nyingine wakaleta sabuni, sukari, hata godoro. Kuna mmoja alimwambia bibi mbele yangu, "Mama, mke wangu anakusalimia sana. Anasema wewe ndiye unayemrudishia mume."

Baba yangu naye alikuwa dereva wa malori hayo hayo. Na yeye, mtoto wa pale pale, hakusamehewa ungo. Ila kwake ungo ulikuwa mchezo. Bibi hakujaaliwa binti, kwa hiyo kuanzia utotoni baba ndiye aliyechambua maharage ya nyumba ile. Alichambua huku akiangalia barabara, huku akinisimulia mambo ya Isaka na Singida. Mimi nilipenda kumjia kwa nyuma, kumziba macho kwa viganja, na bado vidole vyake vilichagua jiwe moja moja na kulirusha uani, kuku wakilikimbilia kwa tamaa. Kope zake zilinitekenya viganjani. Tulicheka mpaka bibi akatufukuza, akisema tunamchezea chakula.

Siku ninayotaka kukuambia, alifika mchana kama kawaida. Jumapili yake nilikuwa napokea komunyo ya kwanza, na aliahidi kushusha mzigo ng'ambo ya Rusumo na kurudi kabla ya misa. Alimwamkia bibi, akaitikiwa marahaba, akaketi. Hakunisimulia kitu. Akapewa ungo. Nikaja kwa nyuma nikamziba macho, vidole vikaendelea kama siku zote, mawe yakaruka uani. Kope tu ndizo hazikunitekenya. Zilikuwa zimetulia kabisa. Mtoto wa umri ule hana la kufanya na jambo kama hilo, nililihisi, basi.

Bibi alikuja akapitisha kidole. Safi. Akapitisha tena. Nilimwona akimtazama mwanawe usoni, mkono wake umeanza kunyooka kudai funguo.

"Mama," baba akasema, "umeona mwenyewe. Kuna jiwe hapo?"

Hakukuwa na jiwe. Na bibi, ambaye hakuwahi kumkatalia njia dereva wa mtu mwingine aliyeshinda ungo, angemkataliaje wa kwake? Mkono ukashuka. Akamfungia mihogo ya njiani. Sisi tukamimina maharage yale chunguni, tukachochea moto.

Habari ilikuja jua linapozama, maharage yakiwa bado hayajaiva. Aliileta dereva mmoja tuliyemzoea, ameshika kofia mkononi. Lori la baba liliacha barabara kwenye mteremko, mahali paliponyooka kabisa. Hakuna alama ya breki. Utingo alitoka amevunjika mkono, naye ndiye aliyesema kwamba tangu Singida walikuwa hawajafumba jicho.

Bibi hakulia. Hilo ndilo lililotutisha. Aliinuka, akautoa mkono wa jirani begani mwake, akaingia jikoni akaipua chungu. Akayamwaga maharage yale kwenye ungo, ya moto, mchuzi ukimiminika miguuni, akaanza kuyapekua kwa vidole. Moja moja. Watu wamejaa uani, hakuna aliyethubutu kumgusa. Nilielewa anatafuta nini, nikachuchumaa nikatafuta naye. Kama angelipata jiwe moja tu, basi ungo ungekuwa ulisema kweli na yeye ndiye hakuuona vizuri. Angekuwa na mtu wa kumlaumu. Tulipekua mpaka mwisho. Hakukuwa na jiwe.

"Mikono tu," akasema. "Mikono ndiyo iriyokuwa macho. Mwanangu arikuwa ameshasinzia."

Ndipo akalia.

Baada ya matanga ungo uliwekwa juu ya dari na haukushuka tena kwa kazi ile. Mkeka ndio uliobaki. Dereva akisimama pale, awe amechoka au hajachoka, bibi alinyoosha mkono apewe funguo. Wengine walijitetea: mama, mimi mzima, mama, nimelala Kahama. Aliwakata maneno: "Nani amekuuriza? Rara." Wakalala. Kwa miaka yote aliyoishi baada ya pale sikusikia aliyelala kwetu akafia njiani.

Nyumba ilipigwa alama nyekundu ya X barabara ilipotengenezwa, ikabomolewa bibi akiwa ameshazikwa. Mparachichi nao ulikatwa. Jirani alihamisha ng'ombe wake, sijui wapi. Siku hizi kuna uwanja mpana wa malori, taa, na muziki mkubwa. Madereva wanakula wamesimama, wanatazama simu, wanaondoka. Hakuna anayewatazama usoni. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mparachichi.

Siku ile tulipomaliza kula, kijana wangu alipiga miayo, akaificha kwa mkono, akatikisa funguo.

"Twende dada. Niko freshi kabisa."

Alikuwa na macho mekundu. Nikanyoosha mkono.

"Aa, dada, usiwe na wasiwasi, mbona mimi..."

"Nani amekuuriza?" nikamwambia. "Rara."

Alicheka, akidhani namtania kwa lafudhi. Alipoona sicheki akanipa funguo, akalaza kiti, na kabla sijazifunga kwenye pindo la kitenge alikuwa anakoroma. Nilikaa pembeni yake mlango ukiwa wazi, malori yakipita, nikamtazama kope zake zilivyotulia, na nikamlilia baba yangu kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu utoto.