Nyumba ya Theluji ya Bibi Haruko

Mabasi yote ya London yalisimama siku ile. Ilikuwa Jumatatu ya mwanzo ya Februari, mwaka 2009. Theluji ilikuwa imeanguka tangu jana yake, na asubuhi redio ikatangaza kwamba hakuna basi hata moja barabarani. Watu wenye akili zao walijifunika tena mablanketi. Sheikha binti Abdulsamad alivaa jozi mbili za soksi, akajitanda mtandio juu ya kofia ya sufu, akashika mlango.

"Mama, kaa nyumbani," alisema bintiye, Suad, kwa Kiingereza. Kiswahili cha mama yake alikielewa chote, ila kukijibu hakukijibu. "Leo kila mtu amekaa."

"Mimi si kila mtu. Kuna bibi wa miaka themanini na minne anangojea chai yake."

Alisema kweli, lakini si kweli yote. Kukaa ndiko kulikomshinda. Tangu aje London, mwaka wa sabini na sita, alikuwa amehama nyumba mara kumi na moja: Barking, Peckham, akarudi Barking, hata sasa yuko Streatham na tayari anatazama matangazo ya kwengine. Marehemu mumewe alikuwa akiwaambia watu kwamba yeye hakuoa mke, ameoa kiguu na njia. Akialikwa shughuli, Sheikha alikaa kwenye ukingo wa kiti, na chai haijapoa keshasimama kuosha vikombe vya watu. Kazi ya kuhudumia wazee majumbani kwao ilimfaa kwa sababu ni kazi ya kwenda: nusu saa kwa huyu, robo saa kwa yule, ukitoka hapa unakimbilia pale.

Mwendo wa kwa miguu hadi Thornton Heath ulimchukua saa nzima na zaidi. Alipofika, mlango wa mbele aliufungua kwa ufunguo wake kama siku zote, na kiti cha dirishani alikikuta kitupu.

Bibi Haruko alikuwa na nyonga mbovu, na kwa miaka mitatu Sheikha hakuwahi kumkuta popote ila kwenye kiti kile. Alikuwa Mjapani aliyeletwa London na mume Mwingereza, baharia, akafiwa naye, mtoto wao akahamia Bristol, akabaki peke yake na dirisha. Sheikha alikimbilia chooni, akakimbilia jikoni. Mlango wa uani ulikuwa wazi.

Bibi alikuwa nje, kavaa koti la marehemu mumewe lililomfika miguuni, mkono mmoja kwenye fremu yake ya kutembelea, mkono wa pili ameshika sinia. Alikuwa anachota theluji.

"Bibi Haruko! Utavunjika!"

"Nimeshavunjika zamani," bibi akajibu, hata hakugeuka. "Njoo unisaidie. Kwetu ni tarehe kumi na tano, lakini theluji ya hapa haitangoja tarehe kumi na tano."

Huko kwao, mji wa Yokote, kaskazini mwa Japani, theluji hushuka mpaka ikapita kimo cha mtu. Katikati ya Februari huwa na sikukuu. Watu hujenga vibanda vya theluji, vya mviringo, wakaviita kamakura. Ndani huchonga kidaka ukutani cha mungu wa maji, wakamwekea machungwa na vitumbua vya mchele. Watoto hukaa humo na jiko la makaa, na kila apitaye nje humwita: *Haitte tanse*, ingia tafadhali. Mpita njia huingia, akaketi, akanyweshwa kinywaji kitamu cha moto. Bibi Haruko mara ya mwisho kuiona alikuwa na miaka ishirini na sita.

Simu ya Sheikha ikalia. Alikuwa Mumbi, msimamizi wake wa ofisini, Mkenya asiyecheza na kanuni.

"Sheikha, uko kwa nyumba ya mteja?"

"Niko."

"Sikiza. Leo hakuna mteja kutoka nje, hata mlangoni. Mmoja akianguka, ni sisi tutalipa. Huyo mama yako ako wapi?"

Sheikha alimtazama Bibi Haruko, aliyekuwa ameanza kulipiga sinia ukutani kulikung'uta. "Yuko kitini," akasema, akakata simu. Uongo haukuwa kazi yake.

Hapo angeweza kumrudisha ndani. Aliujua mshiko wa kumbeba mzee asiyetaka. Badala yake alileta kiti cha jikoni, akamkalisha bibi nje, akamfunga mablanketi mawili, akashika sinia mwenyewe. Baadaye alipoulizwa kwa nini, alisema mikono ilikuwa inamwasha.

Theluji ya London haikutosha kibanda kizima. Bibi Haruko akaamuru meza ya bustani ibebwe hadi katikati ya ua, theluji irundikwe juu na pembeni, mbele uachwe mlango. Sheikha alichota hadi mgongo ukalia. Juu ya ukuta wa ua kikachomoza kichwa cha jirani, Bwana Rasik, mzaliwa wa Tanga, mwenye duka la vyakula kwenye barabara kuu. Duka lilikuwa limefungwa na yeye kachoka kutazama televisheni.

"Dada Sheikha, mnazika nini?"

"Tunajenga, kaka. Una koleo?"

Alikuwa na koleo, na ndoo tatu. Bibi Haruko alizipokea ndoo kama mtu aliyeletewa dhahabu. Akawaonyesha: unashindilia theluji ndani ya ndoo, unaipindua, unaivua, unachimba kijishimo ubavuni, unatia mshumaa. Kwao, alisema, hupanga vibanda vidogo hivyo kando ya mto kwa mamia. Wao walipata kumi na tisa.

Ilipofika saa kumi kibanda kikasimama, kimeinama upande mmoja kama mzee mwenye fimbo. Rasik aliingia, akachonga kidaka kwa kijiko cha wali. Bibi akampa Sheikha bakuli lenye chungwa.

Sheikha akasita. "Mimi siabudu mungu wa maji, bibi. Nisamehe."

"Sikukwambia uabudu. Nimekwambia ushike bakuli wakati mimi nainuka."

Wakamwingiza bibi taratibu, akakaa juu ya kreti la soda lenye mto, magoti yamekutana na kidevu, uso mwekundu kwa baridi na furaha. Badala ya kinywaji cha kwao kulikuwa na chupa ya chai ya maziwa na tangawizi. Rasik akajikunja pembeni yake. Nafasi ya tatu ikabaki. Bibi Haruko akaipapasa kwa kiganja.

"*Haitte tanse*, Sheikha."

Sheikha aliinama. Aliona giza la chini ya meza, aliona pumzi za wale wawili zimejaa mle. Akainuka, akazunguka ua, akarudi, akazunguka tena.

"Dada, huingii?" Rasik akamwuliza kwa Kiswahili.

"Siingii."

"Baridi yote hiyo! Kwa nini?"

Hapo akasema jambo ambalo hata bintiye hajalisikia. Mapinduzi yalipoingia Unguja alikuwa na miaka tisa. Shangazi yake aliwatia, yeye na mdogo wake Talib, uvunguni mwa kitanda, akateremsha shuka mpaka chini, akawapa kopo la maji na tende. Walikaa siku mbili na usiku wake. Siku ya kwanza walimsikia baba yao anavaa viatu, anasema anakwenda kutazama hali. Kutoka walitoka wao, baba hakurudi.

"Tangu siku hiyo," akasema, "nikikaa, nasikia mtu anavaa viatu."

Bibi Haruko akauliza amesema nini, na Sheikha akalazimika kurudia kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza ilikuwa fupi zaidi, haikuchukua hata dakika. Bibi akamimina chai, akanyoosha kikombe nje ya mlango wa theluji.

"Basi kunywa hapo hapo uliposimama. Wako wanaopita tu. Nao hupewa."

Akanywa akitembea. Mishumaa ilikuwa imeshawashwa pale Mumbi alipotokea kwenye njia ya uani, viatu vimelowa, pumzi juu. Alikuwa akizungukia wateja wa karibu na kwake, mmoja baada ya mwengine, kwa miguu.

"Kitini, eh?" akasema. "Hii ndio kitini?"

Kutoka ndani ya theluji sauti ya mzee ikaita, *Haitte tanse*, na mkono ukanyoosha kikombe. Mumbi alimtazama Sheikha, akatazama vile vinyumba kumi na tisa vinavyowaka, akashusha mkoba begani. Rasik alimpisha. Msimamizi akaingia kwa kutambaa, na alipokuwa humo alicheka mara moja, kicheko kikubwa, kama kilichomponyoka.

Hata hivyo barua ya onyo ilikuja Alhamisi, na saini ilikuwa ya Mumbi. Mwezi wa nne mtoto wa Bibi Haruko alimchukua mama yake akaishi naye Bristol. Sheikha akapewa mteja Peckham, ghorofa ya tisa, na kabla ya mwaka kwisha akahama nyumba mara ya kumi na mbili.

Lakini Jumatano ya wiki ile, kabla theluji haijayeyuka, alifika Thornton Heath mapema kuliko zamu yake, akapita njia ya uani. Kibanda kilikuwa kimebonyea, kinadondosha maji. Alipiga magoti mbele ya mlango wake, akaingiza kichwa, akaingiza mabega, akafika mpaka kiunoni. Kulinuka nyasi na nta. Akasoma Fatiha, kwa ajili ya baba yake, kwa sauti, hakuikatisha. Alipomaliza tu alijitoa haraka, akainuka akijipangusa magoti, na alipogeuka akamwona Bibi Haruko kwenye dirisha la jikoni, anamwonyesha kwa kidole kwamba birika linachemka.