Vibanio Tumboni Mwangu

Nilifunga kizazi kwa hiari yangu, baada ya kujifungua mtoto wa nne na kuponea chupuchupu. Mume wangu aliafiki. Daktari alibana mirija yangu ya uzazi kwa vibanio viwili vidogo, nikarudi nyumbani, jirani na Kipalapala, nje ya Tabora, kulima.

Mwaka uliofuata maumivu yakaanza, chini ya kitovu upande wa kulia, kama msumari unaozungushwa ndani ya nyama hai. Kila zahanati waliniambia ni mkojo mchafu. Nikameza vidonge mpaka chakula kikanishinda. Jumapili moja, tukitoka misa, wifi yangu alisema mbele ya watu, "Ulimfungia Mungu mlango. Sasa anabisha hodi." Hakuna aliyemkanya. Mume wangu aliangalia viatu vyake.

Hatimaye nilipigwa eksirei hospitali ya mkoa. Kibanio kimoja kilikuwa kimechomoka, kimeng'ang'ania karibu na utumbo. Nikapewa rufaa ya Dar es Salaam. Mama ndiye aliyenisindikiza. Treni ilipofika Tura nilishindwa kukaa, akanitandikia kanga sakafuni nikalala miguuni pa abiria.

Huko Dar es Salaam daktari alikuwa mwanamke wa rika langu.

"Hatutakupasua tumbo lote, mama," alisema. "Tutatoboa matundu madogo. Mikono ya mashine ndiyo itakayoingia. Mimi nitakaa pembeni, naiongoza huku natazama kwenye kioo."

"Mashine inajua kinachonisumbua?"

"Haijui kitu. Inafuata vidole vyangu."

"Na mirija itafunguka?"

"Hapana, mama. Makovu yameshaiziba."

Mimi sikutaka mtoto mwingine. Mume wangu, aliyeafiki zamani, sasa ndiye aliyenituma niulize.

Nilipozinduka nilisikia kidonda, lakini ule msumari haukuwepo. Nililia, na mama akadhani naumwa.

Mume wangu alitupokea stesheni Tabora. Kabla hata ya kumwamkia mama yangu, aliuliza, "Wamefungua?"

"Wametoa vibanio. Mirija haifunguki tena."

Alichukua begi akatangulia. Mvua za kwanza zilipodondoka alikuwa ameshahamia Nzega kwa mwanamke mwingine. Mama akaja kukaa nami, akalima sehemu yangu mpaka nilipoweza kuinama.

Siku hizi nalima bila kushika ubavu. Watoto huniuliza baba yao atarudi lini. Nawaambia sijui, na kweli sijui.