Siku Niliyompa Baba Kashfa

Enzi zile zetu kule Siakago, Kiswahili kilikuwa cha shule na redio. Nyumbani tulisema Kimbeere. Jioni tulikaa chini tukichambua ndengu, pua zimejaa vumbi la maganda, huku mtangazaji akisoma habari kwa sauti nzito ya kunyamazisha mbuzi. Neno alilolipenda lilikuwa kashfa. Waziri fulani ana kashfa. Mkurugenzi fulani amekumbwa na kashfa kubwa. Mimi, msichana wa darasa la tano niliyejiona bingwa wa Kiswahili, nikawaza: mkulima hana kashfa, mchunga mbuzi hana, ila wenye magari na vitambi wote wanayo. Basi lazima ni kitu cha heshima.

Mwaka huo baba akachaguliwa mzee wa kanisa. Kwa mtu aliyevaa akala, ndara za tairi, hata harusini, hilo halikuwa jambo dogo. Mama akapika muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, kwa sufuria ya kuazima, na Jumapili ya kumsimika nikaambiwa nitoe shukrani kwa niaba ya watoto. Nikasimama mbele, gauni limepigwa pasi ya makaa, nikapaza sauti:

"Tunamshukuru Mungu kwa baba yetu, Mzee Njeru. Kijiji kizima kinajua ni mtu wa kashfa nyingi sana!"

Cucu, mama yake baba, ambaye hakujua Kiswahili hata cha kuomba maji, akaitikia peke yake kwa nguvu, "Ameni!"

Mama akajifunika uso kwa leso. Mchungaji akamtazama baba, baba akanitazama mimi, jasho likimtiririka. Nilidhani ni furaha.

"Wanja," akauliza polepole, "kashfa ni kitu gani?"

"Ni kile kitu cha wakubwa, baba. Kwa redio kila mkubwa ako nacho. Na wewe leo umekuwa mkubwa."

Mchungaji ndiye aliyeanza kucheka, akishikilia mimbari asianguke. "Huyu mtoto amefafanua kuliko kamusi!" akasema, na kanisa zima likaangua kicheko. Baba akasimikwa hivyo hivyo, akipangusa macho. Mama alinivuta sikio mpaka nyumbani, na kwa miaka mingi sokoni baba aliitwa Mzee Kashfa. Aliitika.

Siku hizi binti yangu, anayesoma chuo kule Nchiru, kila kitu kwake ni skendo. Rafiki akibadilisha nywele, skendo. Chapati ikiungua, skendo. Nikimwuliza Jumatano ile skendo ya Jumatatu iliishaje, ananishangaa: "Ai, Mum, hiyo ni ya kitambo!" Sisi moja ilitutosha msimu mzima wa kupalilia.

Juzi nilimsimulia hii ya babu yake. Akacheka, kisha akaniuliza, "Na hakuna mtu alirekodi?"

Nikamwambia hakuna. Sote tulikuwa tunamwangalia baba.