Ngozi ya Kufutia

Nilikuwa mhudumu wa chai katika ofisi ya wahandisi hapa Doha. Mmoja wao alikuwa mama wa Kinorwei, na vitu vya mezani kwake alizoea kuviita kwa lugha ya kwao. Raba ya kufutia penseli aliiita viskelær. Nililijua neno hilo na mengine matatu manne, basi.

Mlangoni alikaa mlinzi, mtu wa makamo kutoka Mombasa. Tulipanda naye basi la wafanyakazi kutoka mtaa wetu wa Al Mansoura. Binti yake alikuwa Norwei akisomea uuguzi, na baba alipenda kumshangaza kwa maneno ya huko.

"Dada, nipe neno nimtumie mtoto," aliniambia asubuhi moja.

Nikampa viskelær.

"Limetoka wapi?"

Ningesema sijui. Lakini alinitazama kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu, na hakuna aliyewahi kunitazama hivyo tangu nije huku. Nikasema, "Viske ni kunong'ona. Lær ni kujifunza. Raba inakufunza kwa kunong'ona, bila kukuumbua."

"Wallahi, hawa watu wana hekima!" Akaandika yote.

Wiki iliyofuata nilikuwa napita na trei ya vikombe, yule mama akatoka kwenye lifti. Mlinzi akasimama wima, akamweleza maana ile kwa Kiingereza chake cha adabu.

Mama akatabasamu. "Inapendeza, lakini sivyo. Viske ni kufuta. Lær ni ngozi. Nadhani wazee waliona mpira ule ni laini, unakunjika kama ngozi. Nani alikwambia?"

Mlinzi hakugeuka upande wangu hata kidogo.

"Nilisoma vibaya mimi mwenyewe, madam."

Mchana nilimfuata. "Kaka, nilitunga. Nisamehe."

"Nimeshajua. Ila mtoto alilieleza darasani. Wakamcheka."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana. Nilimwomba nizungumze na binti, akanipa simu. Nikarekodi ujumbe, nikasema uongo ulikuwa wangu, si wa baba yake. Jibu lilikuja wakati anaichukua simu yake taratibu: "Sawa, shangazi."

Tangu hapo maneno ya kumtumia binti mlinzi alimwuliza yule mama mwenyewe, pale pale mlangoni. Mimi nilipita, nikasalimia, akaitikia vizuri kama alivyoitikia wageni.