Ndoo Niliyoikata Kichwa

Jibu langu lilikuwa tayari kabla sijajua nitaulizwa na nani. Nililitoa kwenye video, nikaliweka kwa Kiswahili mwenyewe, nikaondoa kila neno lililonitia wasiwasi, kisha nikawa nalisema nikichuma majani chai shambani kwetu Kanja. "Kwa nini tukuajiri wewe?" Nauliza kwa sauti nzito, najijibu kwa sauti yangu. Nikijikwaa, naanza upya kutoka kwenye salamu. Mama yangu alinisikia kutoka upande wa pili wa shamba akadhani nimeanza kujifunza kuhubiri. Alifurahi sana, na sikuwa na moyo wa kumweleza.

Sikusoma chuo. Nilipomaliza kidato cha nne karo ya kuendelea haikuwepo, basi nilijifundisha kwa simu: kompyuta, hesabu za duka, hata namna ya kukaa kwenye kiti usionekane mwoga. Mtu anayejifundisha mwenyewe hana wa kumwambia imetosha. Anasahihisha tu. Hata ujumbe wa kumuuliza dada yangu kama amekula niliusoma na kuurudia kabla ya kuutuma.

Na kitu nilichokisahihisha kuliko vyote ni mdomo wangu.

Sisi watu wa Embu tuna sauti ya puani inayotangulia maneno. Mtu akitaka kusema duka, inatoka nduka. Dawa inakuwa ndawa, bahati inakuwa mbahati. Nyumbani hakuna anayeisikia, maana sote tunayo. Lakini shuleni kulikuwa na mwalimu aliyependa kunisimamisha niseme "dada amebeba debe", nami nikitoa "ndada amembemba ndembe" darasa zima linaanguka kwa kicheko, hata wale waliokuwa na sauti hiyo hiyo. Kwa hivyo nilijifunza kuibana. Nilijirekodi, nikajisikiliza, nikaikata kila ilipochomoza, mpaka nikaamini nimeiua. Nilijivuna. Nilifika mahali pa kumsahihisha mama yangu mbele ya wageni wa kanisa. "Ni duka, mama, si nduka." Yeye alicheka kidogo, akashika birika akaondoka kwenda jikoni. Nikikumbuka mgongo wake ukiingia jikoni, bado natamani kujificha.

Kazi ilikuwa Meru mjini, katika duka moja la vyombo huko Majengo. Dada yangu amepanga chumba karibu na hapo, na husuka nywele nje ya bucha inayotazamana na duka hilo. Alisikia mwenye duka anatafuta mtu wa kuuza na kuweka hesabu kwenye kompyuta, akavuka barabara akaniombea nafasi. Asubuhi ya mahojiano alininyoosha kola kwa mikono iliyonuka mafuta ya nywele.

"Usiniaibishe," akasema. "Huyo mama tunaonana kila siku. Nimemwambia wewe ni mtu wa maana. Ukiharibu, wewe utapanda gari urudi Kanja. Mimi nitabaki hapa nikiangaliwa."

Nami nilikuwa nimemwahidi baba kwamba nikiikosa hii, nitaacha mambo ya simu nirudi kwenye chai bila neno. Sikuwa na mpango mwingine.

Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa hapo Majengo, mwenye Kiswahili kinachotiririka kama cha watu waliokinyonya. Aliniketisha nyuma ya duka, juu ya gunia la sufuria, nikajua papo hapo kwamba mafunzo yangu ya kukaa kwenye kiti yamekwenda bure. Kando yake alikuwa kaka yake, dereva wa lori linalopeleka bidhaa mjini Maua, anakunywa chai na mahamri.

"Haya mwanangu, kila mtu ana ubaya wake," mama akaanza. "Wako ni upi?"

Hilo nilikuwa nalo. "Ubaya wangu ni kwamba napenda mno kazi iwe bila kosa."

Dereva akasimamisha hamri hewani. "Huo ni ubaya, ama umejiandikia barua ya sifa?"

"Mwache mtoto wa watu," mama akasema, lakini alikuwa anatabasamu. "Sasa niambie. Kwa nini nikuchukue wewe?"

Nilivuta pumzi. Katika jibu langu kulikuwa na nafasi ya kutaja bidhaa ya mwajiri, kuonyesha kwamba umeichunguza biashara yake. Nikatazama mlangoni, nikaona ndoo za kila rangi zimemwagika karibu na njia. Zilinifaa. Tatizo ni kwamba nikiogopa, kile kisu changu cha kukata sauti ya puani hakichagui. Kinakata hata inapostahili kuwepo.

"Kwa sababu mimi ni mpangilifu, Mama," nikasema kwa sauti safi kabisa. "Nikiona doo zimelala ovyo, siwezi kutulia mpaka nimeziweka zote mahali pake."

Kijana yeyote wa mjini anajua doo ni pesa.

"Mahali pake ni wapi?" dereva akauliza polepole. "Mfukoni?"

"Hapana, Mzee! Sitaki doo za mtu. Nasema hizi doo za Mama, ziko hapo mlangoni, mtu yeyote anaweza kuzichukua..."

Dereva aliweka kikombe chini ili acheke vizuri. "Dada, mchukue huyu! Wengine wote walisema ni waaminifu. Huyu ametuambia mpango wake mapema!"

Nilisikia masikio yakichemka. Nilijua kosa liko wapi, na nilipojaribu kulirekebisha mdomo ulikataa. Niliisema tena, doo. Miaka yote ile ya kujirekodi, na sasa sikujua tena ni neno gani lina ile sauti na ni lipi halina. Nje, kupitia mlango, nilimwona dada yangu akiwa na kichwa cha mteja mikononi, amegeuka kutazama kicheko kinatoka wapi.

Mama alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Kwenu mnaiitaje hiyo ya kutekea maji?"

"Ndoo, Mama." Ilitoka yenyewe, kwa sauti ya nyumbani.

"Sasa mbona umeikata kichwa?"

"Niliogopa kuongeza."

"Ukaogopa kuongeza, ukapunguza." Alisema bila dhihaka. Kisha akainama, akavuta kutoka chini ya rafu kiti kidogo cha mbao chenye ulimi wa chuma mbele, meno yake yamezunguka kama ya msumeno. "Hiki nacho unakijua?"

Sikukijua. Kanja hatuna kitu kama hicho.

"Hii ni mbuzi," akasema.

Hapo ndipo nilipoharibu kweli. Nilidhani wamegundua kidonda changu na sasa wanakichokonoa: wamechagua neno lenye sauti ya puani mwanzoni, wamelibandika kwenye kiti, wanangoja niseme "buzi" wacheke mara ya pili. Nikasimama.

"Mama, mimi mbuzi nawajua," nikasema, na sauti yangu ilikuwa kali. "Tunawafuga. Kama hutaki kunipa kazi niambie, lakini usinifanye mjinga."

Safari hii dereva hakucheka. Mama alinitazama kidogo. Halafu akachukua nusu ya nazi kwenye bakuli la jikoni kwake, akakalia kile kiti upande, akaanza kuisugua kwenye yale meno. Nazi ikawa inaanguka nyeupe kwenye sinia.

"Mbuzi ya kukunia nazi," akasema akiendelea. "Ndilo jina lake. Bibi yangu aliiita hivyo. Sikukutania, mwanangu."

Nimewahi kuona aibu mara nyingi, lakini nyingi zilikuwa za kuchekwa, na kicheko huisha. Hii haikuwa na kicheko. Alikuwa ananifundisha jina la bidhaa yake kama mtu anayenifikiria dukani mwake, na mimi nimemfokea akiwa kwake, dada yangu akitazama kutoka ng'ambo ya barabara.

"Nisamehe, Mama," nikasema.

"Nimekusamehe. Sasa nijibu. Kwa nini nikuchukue?"

Jibu langu lote la shambani lilikuwa limepotea. "Sijui," nikasema. "Nahitaji kazi. Na dada yangu ameniweka mbele yako, sitaki aonekane mwongo. Vyombo vyako sivijui majina. Nitauliza."

Akapangusa mikono. "Kompyuta nitakupa baadaye, nikikuzoea. Jumatatu utasimama pale mlangoni uuze. Na ukisikia mtu amekuambia kitu usichokijua, uulize kabla ya kukasirika."

Nilipovuka barabara dada yangu hakuuliza kama nimepata. Aliuliza, "Kwa nini ulimfokea yule mama hivyo?" Nilimshikia kitana mpaka akamaliza kichwa.

Jumatatu dereva alinikuta mlangoni akanisalimu, "Doo, habari ya asubuhi!" Jina hilo ninalo hadi leo, na sijalizoea.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama kutoka vijijini huko juu, kanga ya kanisani mabegani, mfuko wa viazi mkononi. Alizungukazunguka, akasimama mbele ya kile kiti, akakigusa ulimi.

"Kijana, hii ni nini?"

"Ni mbuzi, Mama."

Alinigeukia, na uso wake ukafunga. Niliujua uso huo kutoka ndani.

"Unanicheka?" akasema. "Kwa sababu nimetoka shamba?"

"Hapana, Mama. Ngoja kidogo, usiende."

Nikakimbilia nyuma kuomba nazi. Nilikaa vibaya, nikaikuna vibaya, nikajikwaruza kidole, na sehemu kubwa ilianguka nje ya sinia. Yule mama alinitazama mpaka mwisho, akaonja kidogo, akatikisa kichwa.

"Hapana, hiyo sina kazi nayo," akasema. "Nipatie ndoo. Ile ya mbluu."

"Ya mbluu," nikasema, nikaenda kuileta.