Wimbo wa Mwisho, Upande wa Pili

Baba alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani kwetu, na alitufundisha kwa santuri moja ya Mzungu wa zamani, mwimba mapenzi wa sauti laini. Wenzake walipenda upande wa kwanza. Baba alikuwa na wimbo wake, wa mwisho upande wa pili, ambao sijawahi kuusikia redioni hata siku moja. Katikati fidla zinanyamaza, na mwimbaji anachelewa. Anachelewa kweli! Unamsikia akivuta pumzi, ndipo anaingia. Baba alikuwa akiinua mkono kutuzuia. "Mngojeni," anasema. "Mwenye uchungu hakurupuki."

Santuri ilivunjika zamani. Nilipokuja Dubai kulinda jengo huku Jumeirah Village Circle, niliupata wimbo kwenye simu, nikamtumia kwa mbwembwe. Akajibu, "Huyu si yeye. Wamemkata pumzi." Kweli, walikuwa wameusafisha, lile pengo halipo. Nilinuna siku mbili, eti mzee ana madaha.

Kisha akapata kiharusi. Asubuhi moja dada yangu alinipigia kutoka hospitali: hasemi tena, na daktari ameshauri tumuage. Nikaomba likizo. Sir, bosi wangu, akasema mwezi ujao, inshallah. Mwezi ujao! Jamani, nilirudi kwenye meza yangu ya mapokezi kwa hasira, nikawa naandikisha watu wakiingia na kutoka.

Waliokuwa wakitoka walikuwa wapagazi wenye maboksi, mali ya madam mzee wa ghorofa ya tisa, aliyekuwa anahama siku hiyo. Moyo ukanilipuka. Niliwahi kumpelekea kifurushi nikausikia wimbo wetu mlangoni kwake, na pumzi yake imo. Nikaiacha meza, kosa la kufukuzwa kazi, nikapanda.

"Madam, nakuomba. Baba yangu anakufa." Nikamweleza wimbo, maneno yakinikanyagana mdomoni.

"Ule?" akashangaa. "Hata marehemu mume wangu alikuwa akiuruka."

Lakini alipasua boksi kwa ufunguo, akatoa santuri, akawazuia wapagazi wasichukue mashine ya santuri. Nikampigia dada. Simu ikaita, ikaita. Mungu wangu, pokea! Akapokea.

"Mwekee sikioni," nikamwambia. "Mimi niambie tu anavyofanya."

Sindano ikashuka. Redio yangu ya kazini ikaanza kuniita kutoka chini, mara ya kwanza, ya pili. Nikaizima. Fidla zikafika pale, zikanyamaza.

"Ameinua mkono," dada akanong'ona. "Ule mzima. Kama kule kwayani."

Pumzi ile ikasikika. Mwimbaji akaingia.

"Sasa je?"

Nikamsikia dada akimwita Baba, mara moja, kisha kwa sauti ya juu.

"Mkono umeshuka," akasema, akaangua kilio.

Madam alinyoosha kidole kuinua sindano. Nikamshika mkono. Ulikuwa umebaki ubeti mmoja, nikamwomba auache umalizike.